Mgawaji Aliuliza Mara Moja

Mashine ya kusaga ya Lechipya ilikuwa inanguruma wakati Mzee Mbeleje anakata roho. Hilo ndilo lililowapiga watu wa Iyoli bumbuwazi kuliko kifo chenyewe. Mzee kufa, hilo watu wanalijua. Lakini afe kwa kukosa umeme, na ng'ambo tu ya uwanja unga wa uwele unamwagika wa moto kutoka kwenye mashine, hilo nani aliwahi kuliona?

Walimkuta ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, kofia kichwani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Pumzi yake ilikuwa kifuani, taa imezimika.

Pumzi ni kidude cha kufunga kifuani kwa mikanda, ukubwa wake kama kibuyu cha maziwa. Kinavuta hewa, kinachuja vumbi, kinamsukumia mtu mapafuni. Tangu vumbi jekundu lianze kukaa juu ya nyanda hizi miezi na miezi, vijana wanahimili, lakini mtu akishavuka makamo hana ujanja, lazima aivae na aichaji kila siku. Taa ikiwa ya kijani, tembea. Ikiwa ya njano, kaa chini. Ikiwa nyekundu, ita watu.

Mzee Mbeleje hakuita mtu.

"Waya ameuchomeka," alisema Sechelela. Alikuwa amepiga magoti, kipimo mkononi. Huyu Sechelela ndiye fundi wa kituo cha umeme cha kijiji, mama wa makamo, mjane, mwenye pumzi yake mwenyewe kifuani. "Waya uko sawa. Tundu ndilo halina kitu."

"Halina kitu vipi?" Lechipya aliuliza. Alikuja mbio kutoka mashineni, mweupe kwa unga mpaka kope. "Fundi, mbona kwangu umeme upo? Upo tele! Nasaga tangu asubuhi."

Watu walimtazama yeye, wakamtazama marehemu, kisha wote wakageuza macho kwa Sechelela.

"Zima mashine yako kwanza, mdogo wangu," alisema Sechelela taratibu. "Halafu twende kituoni."

*

Nyaya za taifa zilishakufa zamani, na kila kijiji kilijitegemea na kituo chake. Kituo cha Iyoli kilikuwa chumba cha matofali, betri zimepangwa ukutani, paneli za sola juu ya bati. Paneli zile za kwanza zilikuwa zimechoka, vumbi limezikwaruza kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Ndipo mwanzo wa kiangazi hiki lori likaleta paneli mpya, nyeusi tii, zinazonusa jua hata kupitia ukungu wa vumbi.

Kuziunga paneli mpya na betri kuukuu si kazi ya kukurupuka. Ukiziunga paneli mfululizo, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile, nguvu ya kusukuma inajumlishana. Ukiziunga sambamba, vichwa pamoja na mikia pamoja, msukumo unabaki uleule ila wingi ndio unaoongezeka. Paneli hizi zilikuwa na msukumo mkali. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye betri zilizozeeka, betri zinachemka, zinavimba, zinawaka, na kijiji kizima kinabaki gizani. Kijiji jirani walifanya hivyo. Ukuta mweusi wa kituo chao unaonekana mpaka leo ukipita njia kuu.

Kwa hiyo katikati, kati ya paneli na betri, unakaa Mgawaji.

Mgawaji ni sanduku la chuma lenye sikio na mdomo. Linapooza ule msukumo, linailisha betri kadiri inavyoweza kumeza, kisha linagawa. Jua likiwepo, wote wanapata. Jua likizibwa, Mgawaji anakata mizigo, mmoja mmoja, kuanzia nyuma ya foleni. Mzigo, kwa lugha ya mafundi, ni chochote kinachokula umeme: taa ni mzigo, pampu ni mzigo, pumzi ni mzigo. Sechelela alikuwa amelitumia neno hilo miaka mingi hata masikio yake hayakulisikia tena.

Na foleni yenyewe kila mtu alijipanga kwa mdomo wake. Hiyo ilikuwa sheria, na sheria nzuri, iliyotungwa baada ya wakubwa fulani wa huko nyuma kunyonya chaji ya vijiji kwa ajili ya majokofu yao ya bia. Mahali pa mtu pasiguswe na mwingine, si mwenyekiti, si fundi, si mwana kwa mzazi wake. Sechelela alipoisikia sheria ile kwa mara ya kwanza aliipigia makofi.

Siku ya kuwasha, watu walikuja wamevaa vizuri kama wanaokwenda kubatiza. Wakaingia mmoja mmoja, mlango umefungwa, Mgawaji akawauliza kwa sauti yake ya upole: "Wewe ni mzigo gani, na ukae wapi kwenye foleni?" Kisha wakatoka, wakacheka, wakala zabibu, wakacheza ngoma.

Sasa mlango ulikuwa wazi na nusu ya kijiji imejazana hapo nje.

"Mgawaji," alisema Sechelela. "Mbeleje yuko wapi kwenye foleni?"

"Wa pili kutoka mwisho."

"Nani kamweka huko?"

"Yeye mwenyewe."

Na sanduku likaitoa sauti ya marehemu, nzima, na kikohozi chake, na kile kicheko chake cha puani: "Aa, mwanangu, mimi si mzigo tu? Waweke wenzangu kwanza. Mimi hata nikikosa, si neno."

Nje mwanamke mmoja alipiga ukunga. Mwingine akaketi chini pale pale kwenye vumbi.

Sechelela alishika ukuta. Mzee Mbeleje! Tangu amjue mzee huyu, hakuwahi kumsikia akikubali kitu kwa karibisho la kwanza. Iyoli nzima ndivyo ilivyo. Mzee akikukuta unakula, unamwambia karibu ugali. Atasema nimekula. Unamwambia karibu, mzee wangu, hata tonge. Atasema nimeshiba, mwanangu, shukuru Mungu. Unamwambia jamani, onja tu. Ndipo atakaposema haya basi, nionje, atanawa, atakaa, na mlenda wote atauteremsha. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Karibisho la kwanza ni salamu, la pili ni heshima, na la tatu ndilo chakula.

Mgawaji hakuwa na sahani. Aliuliza mara moja, akajibiwa kwa adabu, akafunga sikio.

"Wazee wengine," alisema Sechelela. "Nisikilizishe."

Zikatoka sauti moja baada ya nyingine. Mimi niacheni tu, baba. Mimi mzigo, nimeshaishi. Nyuma huko, nyuma panatosha. Watangulizeni watoto. Mimi wa nini? Nyingine zilikuwa na kicheko ndani yake, kile kicheko cha mtu anayengoja abembelezwe. Kisha, juu ya sauti zote hizo, ikatoka sauti changa, ya furaha: "Mimi kwanza, ndugu yangu! Mbele ya wote! Nani atakula bila mashine?"

Lechipya alishika kichwa kwa mikono miwili, unga ukapukutika.

"Nilikuwa natania," alisema. "Dada Sechelela, wallahi nilikuwa natania! Nilidhani itasema acha utani wewe, kaa nyuma. Si ndivyo wangesema watu?"

"Ndivyo wangesema watu."

"Itoe basi! Nitoe!"

"Siwezi. Jitoe mwenyewe."

Kijana akalisogelea sanduku kama mtu anayesogelea jeneza. "Nimejitoa," alisema. "Unasikia? Mashine yangu ya kusaga, nimeitoa. Isirudi."

Sanduku, ambalo lilikuwa bado linaitunzia mashine fungu lake ingawa imezimwa, likavuma kidogo. Kutoka nyumba za karibu zikasikika sauti: Imewaka! Ya babu imewaka! Huku nako! Watu wakaanza kulia na kushangilia kwa pamoja, jambo ambalo ni baya kulisikia.

"Wamerudi wote?" aliuliza Sechelela.

"Wote isipokuwa wa mwisho. Jua halitoshi, hata bila ya Mbeleje."

Hapo ndipo Sechelela alipopiga hesabu. Mbeleje alikuwa wa pili kutoka mwisho. Kwa vile betri ya pumzi yake ilikuwa kongwe haikuhimili. Lakini nyuma yake alikuwepo mtu, na mtu huyo alikatwa kabla yake.

"Wa mwisho ni nani?"

"Mchiwa. Amekatwa tangu juzi."

"Muongo wewe!" Sechelela alipiga kelele, akalipiga sanduku kofi.

Bibi Mchiwa ni mama mkwe wake. Tangu mume wa Sechelela afariki walibaki wawili katika nyumba ile, wakila sahani moja. Na asubuhi hiyo hiyo, akiwa anafunga viatu, Sechelela alimuuliza: "Mama, umechaji?" Naye akajibu kutoka jikoni: "Nimechaji, mwanangu, wewe nenda kazini." Jana vilevile. Mara moja, huku anafunga viatu.

Sanduku, kwa kuwa limeitwa muongo, likamtolea sauti ya bibi: "Mimi? Niweke nyuma ya wote. Nyuma ya kuku, kama wana foleni."

"Mpandishe!"

"Mahali pa mtu hapaguswi na mwingine."

"Basi nitoe mimi, mpe yeye." Alilisema upesi, bila hata kumeza mate.

"Fundi hajitoi. Kituo hakikai bila fundi. Fundi hubadilishwa mahali tu, akiombwa na anayepanda, naye akikubali."

Na hapo, alipokataliwa, Sechelela alihisi kitu kifuani kikitua, kitu kama ahueni. Alikiona. Akakifunika haraka kama mtu afunikavyo chungu kisichofaa kuonwa na wageni.

Alizitazama nyaya nene zinazotoka kwenye paneli. Angeweza kuzing'oa pale, azipeleke moja kwa moja kwenye betri, Mgawaji abaki anaongea peke yake. Mkono ulikwenda mpaka kwenye skrubu. Lakini zahanati ilikuwa na kichanga cha Nyemo, kimezaliwa kabla ya wakati, kimefungwa pumzi ndogo kama embe. Betri zikiwaka, kichanga kile hakifiki jioni.

Mkono ukarudi. Akatoka mbio.

*

Bibi Mchiwa alikuwa kwenye mkeka, mgongo kwenye gunia, anachambua majani ya mlenda. Anachambua jani moja, anapumzika. Anachambua jingine. Kanga ameizungusha kifuani mpaka shingoni, katika joto lile.

"Umerudi mapema," alisema.

Sechelela hakusalimia. Aliivuta ile kanga, jambo ambalo mkwe hafanyi, hata wazimu ukimpanda. Taa ilikuwa nyekundu, na hafifu.

"Mama!"

"Punguza sauti, majirani." Bibi alivuta pumzi fupi. "Naizima nikikaa. Nikisikia unakuja, naiwasha. Haina shida."

"Tangu juzi! Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza nimechaji, nikasema nimechaji."

"Lakini ulikuwa hujachaji!"

"Ndiyo," alisema bibi, na akamtazama moja kwa moja machoni. "Na wewe ukaenda."

Sechelela alikaa chini. Maneno yalikuwa matatu tu, lakini alihisi kama nyumba imeinuliwa paa na watu wote wanachungulia. Akamweleza habari za Mbeleje. Bibi aliacha majani. Akasema: "Mbeleje na adabu zake."

"Twende kituoni, mama. Ukaseme mwenyewe upandishwe."

"Aa. Mimi nimeshaishi. Niache."

"Twende, mama."

"Nimesema niache, mwanangu. Vumbi litatulia."

Sechelela alimshika mikono yote miwili, yenye utelezi wa mlenda. Na hapo akili ilimzunguka, maana swali lilikuwa gumu kuliko lilivyoonekana. Je, kama safari hii anamaanisha? Je, mtu mzima akisema niacheni, nani ana ruhusa ya kusema hapana, hujui unachosema? Sheria ile ya Mgawaji ilisema mdomo wa mtu ni wake. Alikuwa ameipigia makofi.

"Mama," alisema, polepole, neno kwa neno. "Nakuuliza mara ya tatu. Ukisema hapana, nitakaa hapa na wewe mpaka mwisho, sitakubughudhi. Unataka kwenda?"

Bibi Mchiwa alikaza vidole kwenye mikono ya mkwewe.

"Haya basi," alisema kwa sauti ndogo. "Nipelekeni nikaonje."

*

Lechipya, aliyekuwa amemfuata Sechelela, alimpakia bibi kwenye toroli lake la magunia na kusukuma mbio, Sechelela akikimbia pembeni, ameshika kichwa cha bibi kisigonge chuma.

"Mnanibeba kama gunia," bibi alilalamika.

"Gunia halisemi sana, bibi."

"Na wewe mwenye... mashine... ulijiweka mbele hata ya wajawazito."

"Nitukane, bibi, nitukane tu, bora unaongea."

Kituoni watu walipisha. Wazee waliorudishiwa umeme nao walikuwa wamekuja, wamesimama mlangoni, taa zao za kijani zinawaka vifuani. Toroli likaingia mpaka mbele ya sanduku.

"Mchiwa," alisema Mgawaji. "Unataka kubadili mahali pako?"

"Nionje kidogo," alisema bibi.

"Sijaelewa."

"Kidogo tu, baba. Kama kipo."

"Sijaelewa. Unataka kubadili mahali pako?"

"Sema nataka, mama," Sechelela alimnong'oneza. "Neno moja. Nataka."

"Mbele za watu?" Bibi aligeuza macho kwa haya halisi, haya ya msichana. "Nitaonekanaje?"

Taa nyekundu ikapepesa. Kifua kikaacha kuinuka, kikainuka, kikaacha tena. Lechipya aligeukia ukuta.

"Mama!"

"Nataka," alisema Bibi Mchiwa.

Alilisema kwa sauti ya kukwaruza, kama kitu kilichokaa stoo miaka sabini bila kuguswa. Watu walishtuka kama wamesikia tusi.

"Nimeelewa," alisema Mgawaji. "Nafasi hakuna. Nani ashuke?"

Hakuna aliyetegemea swali hilo. Bibi aliinua kichwa, akawatazama waliosimama mlangoni. Nao, mmoja baada ya mwingine, wale wale waliosema mimi mzigo tu, mimi nimeshaishi, wakainua viganja na kufunika taa zao. Hawakukubaliana kufanya hivyo. Mikono ilijiendea yenyewe.

Sechelela aliwaona, akaona aibu kwa niaba yao. Alijua bibi atafanya nini. Atacheka kidogo, atasema basi, tusisumbuane, nirudisheni kwenye mkeka. Alikuwa tayari ameanza kulia.

"Sechelela," alisema Bibi Mchiwa.

"Naam, mama."

"Sikuiti. Namjibu huyu." Akavuta hewa. "Ashuke Sechelela. Mkwe wangu."

Kuna mshtuko wa umeme, na Sechelela alishaupata mara kadhaa katika kazi yake. Unaanzia kwenye vidole, unakimbilia kwenye meno, na kwa muda mfupi hujui jina lako. Huu ulikuwa huo. Aliangalia mdomo wa mama mkwe wake, mdomo ambao haukuwahi kumwomba hata chumvi, na hakuamini kwamba jina lake limetoka humo.

"Sechelela," alisema Mgawaji. "Umekubali?"

Si muda mrefu uliopita, katika chumba hicho hicho, alisema nitoe mimi, upesi, bila kumeza mate. Sasa mate hayakupita. Kiganja chake, alikiona kwa macho yake, kilikuwa kimepanda kifuani kikafunika taa ya kijani.

Aliking'oa kama anaondoa kupe.

"Nimekubali."

"Imebadilishwa."

Hivyo tu. Lechipya alichomeka waya wa bibi kwenye tundu la majaribio, ambalo Mgawaji aliliandika jina lake, na taa nyekundu ikatulia, ikafifia, ikageuka njano. Bibi akavuta hewa mpaka mabega yakainuka. Akavuta tena. Rangi ikaanza kurudi kwenye midomo. Nje, anga lilikuwa jekundu kama kidonda, na redio ya kituo ilikuwa imesema vumbi litakaa wiki hii yote na pengine ijayo. Sechelela alihesabu kimoyomoyo chaji iliyobaki kifuani mwake, kisha akaacha kuhesabu.

"Mwanangu," alisema bibi, sasa kwa sauti iliyo na mwili. "Huyo kakuuliza mara moja. Mimi nakuuliza. Umekubali kweli?"

"Nimekubali, mama."

"Kweli?"

"Mama, imeshapita hiyo."

"Sikuuliza kama imepita." Bibi alimshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ya kushangaza. "Nakuuliza mara ya tatu. Unataka?"

Sechelela alifungua kinywa aseme ndiyo, na kilichotoka hakikuwa ndiyo.

"Sitaki," alisema, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni, mbele ya kijiji kizima. "Sitaki kufa, mama. Nilisema tu. Nilisema kwa sababu ndivyo inavyosemwa."

"Ehe!" alisema Bibi Mchiwa, akapiga paja. "Ndiyo kwanza tunaongea, mimi na wewe. Miaka yote hiyo!"

"Kwa nini ulinitaja mimi?"

"Ningemtaja nani? Kichanga cha Nyemo? Au hawa?" Alielekeza kidevu mlangoni. "Hawa ningewaonea haya. Wewe umenivua kanga leo, haya imebaki ya nini? Wewe ni wa ndani." Akapumua, akaongeza kwa ukali kidogo: "Na sikusema ufe. Nilisema ushuke. Leta na waya wako huku tule. Kwani tunakulaga sahani ngapi?"

Sechelela alimtazama. Kisha akautazama waya. Kisha tundu.

Tundu moja. Mgawaji hakuhesabu watu wala mapafu, alihesabu matundu. Kilichofungwa nyuma ya tundu, mbele yake ni mzigo mmoja. Ukichukua pumzi mbili ukaziunga sambamba, vichwa pamoja na mikia pamoja, zinakula kutoka mdomo mmoja, na kila moja inapata nusu. Msukumo uleule, wingi unagawanyika. Alishawaeleza watu jambo hilo mara ngapi kuhusu paneli, mpaka likamchosha.

"Plaizi," alisema. "Lechipya, nipe plaizi."

Alimenya nyaya kwa meno na kwa plaizi, akasokota shaba kwa shaba, akafunga utepe mweusi. Akajishusha kwenye sakafu kando ya toroli, akasaidiwa kumteremsha bibi, wakakaa bega kwa bega kwa sababu waya haukuruhusu zaidi ya hapo. Akachomeka.

Taa ya kijani ya kifuani mwake ikashuka, ikawa njano. Ya bibi ikayumba, ikabaki njano. Pumzi mbili zikaanza kuvuta taratibu, taratibu mno, kama watu wawili wanaopanda mlima mmoja. Nusu hewa ni nusu hewa. Hutasimama nayo, hutapika nayo, hutaimba. Unakaa tu, na unakaa na mwenzako.

Mlangoni wazee wakaanza kushusha viganja. Mama mmoja akamgusa jirani yake begani, akatazama waya wake, akatazama wa mwenzake. Walikuwa na Mzee Mbeleje wa kwenda kumzika, na wote walijua kwamba hakuna sahani iliyofika kwake safari hii.

"Usivute haraka hivyo," bibi alinong'ona. "Unanimalizia."

"Samahani, mama."

"Tundu la Mchiwa," alisema Mgawaji ndani ya sanduku lake. "Mzigo mmoja."

Lechipya alifuta uso, unga na machozi vikawa uji shavuni. Alisimama pale hajui pa kuweka mikono. Mwisho akasema, "Niwaletee chakula?"

"Tumekula," walisema wote wawili kwa pamoja, kwa pumzi ile ile.

Kijana alifika mlangoni. Akasimama. Akarudi, akachuchumaa mbele yao, akauliza tena.